Nta za Watoto Arobaini na Mmoja

Watu waliompendeza Mama Nta walikuwa wachache sana, na wengi wao walikwisha kufa. Hakulificha hilo. Ukimsalimia asubuhi kwenye korido ya hospitali, alikuitikia kwa kidevu. Ukimsalimia kwa kujikomba, hakukuitikia kabisa. "Huyo ana shida yake," alisema mara moja, na huyo mwenyewe bado yuko hatua mbili mbele. "Akishaipata kesho hatanijua."

Jina la Mama Nta alipewa kazini. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, kimepakana na stoo ya mashuka, na harufu ya dawa humo ilikuwa kali hata wauguzi walimwita wakiwa wamesimama mlangoni na kuziba pua. Madaktari wa upasuaji walipotoa uvimbe mwilini mwa mgonjwa, kipande chake kiliteremshwa kwake ndani ya kikopo. Yeye alikiondoa maji, akakizamisha kwenye nta ya moto, akaiacha igande mpaka iwe kibonge kidogo kama kipande cha sabuni ya wageni. Kisha alikibana kibonge hicho kwenye mashine yenye wembe, akauzungusha mkono wa mashine taratibu, na utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu ukatoka. Aliulaza juu ya maji ya uvuguvugu, akauopoa kwa kipande cha kioo, akautia rangi. Hapo ndipo bingwa wa hadubini alipoweza kuinamisha kichwa na kutangaza kwamba hii ni saratani, hii siyo, hii ni ya aina fulani. Bila Mama Nta, bingwa alikuwa mzee aliyeinama tu, na Mama Nta hakuchoka kumkumbusha.

Alikuwa binti wa muuza nyama. Baba yake alimfundisha kunoa visu kabla hajajua kusoma, akamwambia nyama haikatwi kwa nguvu, hukatwa na anayeijua. Ujanani alitaka uuguzi. Alidumu miezi mitatu chuoni, kwa sababu alimwambia msimamizi wa wodi, mbele ya wagonjwa kumi na wanne, kwamba anachoma sindano kama mtu anayechimba muhogo. Wakamtupa maabara kumwadhibu. Kumbe walikuwa wamemrudisha buchani kwa baba yake. Akakaa miaka ishirini na sita.

Jirani na chumba chake, upande wa pili, palikuwa na stoo ndogo isiyo na dirisha, na humo, kwenye masanduku ya bati, ndimo alimotunza vibonge vya miaka yote hiyo. Kila kibonge kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mstari kwenye daftari kubwa jeusi. Kwenye mstari mgonjwa au mzazi wake alitia sahihi, au dole gumba, kukubali kwamba kile kilichokatwa kitunzwe kwa ajili ya utafiti. Utafiti wenyewe ulikuwa haujawahi kuja. Wakuu wa hospitali walipita, wakaagwa kwa soda na zawadi za saa za ukutani, na hakuna aliyeuliza mlango ule unafungua nini.

Siku moja akaja Daktari. Alikuwa daktari wa watoto, mwembamba, viatu vya visigino, na alisema "samahani" kabla ya kila sentensi. Mama Nta alimdharau kuanzia miguuni kwenda juu.

"Samahani, mama. Nasikia unatunza vibonge vya zamani."

"Nani kakwambia?"

"Samahani, ni bingwa wa hadubini."

"Ajabu. Sikujua kama huwa anatazama pembeni."

Daktari hakucheka wala hakuondoka. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba anatafuta saratani moja tu, ile ya ini inayowashika watoto wadogo, wengi wao hawajatimiza hata miaka mitatu. Ni adimu. Hospitali kubwa inaweza kumaliza mwaka isimwone zaidi ya mtoto mmoja au wawili. Dawa yake ipo, ila ni kali. Inaua uvimbe na mara nyingi inaharibu masikio. Mtoto anapona akiwa hasikii vizuri. Kuna aina moja ya uvimbe huo, inayotambulika kwa hadubini peke yake, ambayo huenda haihitaji dawa kabisa ukishaukata wote ukaisha. Lakini nani atathubutu kusema hivyo kwa kuangalia watoto watatu? Lazima waangaliwe wa miaka mingi, waunganishwe na wa hospitali nyingine, ijulikane nani alipona na nani hakupona.

"Nimeomba huko juu," alisema, "wakaniambia ni ugonjwa adimu, nisijisumbue."

Mama Nta alifyonza. Neno hilo alikuwa akilisikia mwaka hadi mwaka. Kwa wakubwa, adimu ilikuwa na maana ya kwamba wanaolia ni wachache na kelele zao hazifiki ghorofa ya tatu.

"Lulu nayo ni adimu," alisema. "Mbona hawaitupi?" Akafungua daftari jeusi, akalamba kidole, akafunua kurasa bila haraka. "Arobaini na moja."

"Samahani?"

"Ninavyo vya watoto arobaini na mmoja. Acha kuomba samahani, kaa chini."

Hapakuwa na kiti. Daktari akakalia ndoo iliyofudikizwa, akaanza kulia, jambo ambalo Mama Nta aliliona ni upuuzi mtupu. Lakini alimwachia ndoo.

Wiki ile ile alishuka mwanamume mmoja, fundi bomba kutoka mbali, ambaye binti yake wa miaka miwili, Kidoti, alikuwa wodini akiwa ametolewa uvimbe wa ini. Mkewe alilala na mtoto. Yeye, kama akina baba wengine na mama wa watoto wakubwa, alilala barazani nje ya wodi juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa sababu hospitali haikuwa na mahali pa kuwaweka wazazi wa mbali. Alisimama mlangoni kwa Mama Nta, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kuuliza ile nyama ya mwanangu mmeiweka wapi."

"Unaitaka ya nini? Ukaipeleke kwa mganga?"

"Ndugu zangu ndio wanasema hivyo. Wanasema nimerogwa na jirani. Mimi nataka kuiona tu."

Mama Nta alijiandaa kumfukuza. Ndugu wa wagonjwa alikwisha kuwapima akawaona wepesi: waliochelewesha mtoto miezi minne wakimnywesha mizizi, kisha wakafika na lawama kana kwamba uvimbe uliota kwenye lifti. Lakini huyu alikuwa na mikono yenye makovu ya kazi, na mikono ya kazi alikuwa akiiheshimu hata akimchukia mwenye mikono hiyo. Akamketisha kwenye hadubini. Fundi Bomba alitazama kwa muda mrefu.

"Hii hapa imepangika vizuri," alisema mwishoni. "Hii ya huku ni kama vigae vilivyopangwa na fundi mlevi."

"Ya huku ndiyo inayoua," alisema Mama Nta. "Bingwa wetu ilimchukua miaka saba kuona unachokiona wewe."

Uvimbe wa Kidoti haukuwa wa aina ile njema. Angehitaji dawa, masikio yawe yatakavyokuwa. Fundi Bomba aliambiwa, akatia sahihi daftarini kipande kitunzwe, akarudi barazani kwake.

Hapo ndipo ulipozaliwa Mfuko.

Mfuko wa Tabasamu la Malaika ulianzishwa na tajiri mmoja wa matairi, mtu mnene wa sauti tamu, ambaye wote walimwita Mwenyekiti hata kabla hajachaguliwa kuwa mwenyekiti. Lengo, kwa maneno yake, lilikuwa "kusimama na familia na kuunga mkono utafiti wa saratani adimu za watoto." Mama Nta alipoyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza alinyanyua kichwa kutoka kwenye mashine, na hilo halikuwa jambo dogo. Kisha akaona jinsi wanavyosimama. Walisimama na familia kwa dakika kumi na tano kila mwezi, mpiga picha akiwa kati. Walileta maputo kwenye wodi ya watoto ambao hata pumzi ya kupuliza hawakuwa nayo. Waligawa fulana zenye picha ya mtoto mwenye mabawa, na mama mmoja alipoiona alipiga yowe, maana kwake mtoto mwenye mabawa alikuwa na tafsiri moja tu. "Wajinga wakiwa maskini ni mzigo," Mama Nta alimwambia mumewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, mmoja wa wale wachache waliompendeza na bado wako hai. "Wakiwa matajiri ni maafa."

Mfuko ukataka ofisi ndani ya hospitali. Wakazunguka na Mganga Mkuu wa hospitali, wakachagua stoo isiyo na dirisha, kwa sababu ilikuwa karibu na mlango wa kushukia magari. Barua ikamfikia Mama Nta siku ya Jumatano: vitu visivyotumika viondolewe kabla ya Jumatatu.

Alipanda ghorofa ya tatu kwa ngazi. Mganga Mkuu alikuwa mtu wa kuogopa hata kivuli cha mfadhili. Akamwelekeza kwa Mwenyekiti aliyekuwa ameketi pale pale, miguu ameinyoosha.

"Mama yangu," alisema Mwenyekiti kwa upole, "tunakuheshimu sana. Lakini tuseme ukweli, zile ni nyama za marehemu."

"Mheshimiwa, ishirini na watatu kati yao wako hai. Mmoja yuko kidato cha pili. Mama wa mwingine anauza vocha getini, umempita ukiingia."

"Lakini hazitumiki."

"Daktari wa watoto ameanza kuzitumia wiki iliyopita. Ule utafiti ulioandikwa kwenye fulana yako ndio ule. Uko kwenye masanduku ya bati."

Mwenyekiti alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri. "Utafiti wa kisasa, mama, unafanywa kwa kompyuta."

"Na kompyuta inakula nini? Hewa?"

Mganga Mkuu alikohoa. Mwenyekiti alisema basi, Jumamosi ni uzinduzi, baada ya hapo wataliangalia suala hilo kwa pamoja. Daktari, aliposikia, alishuka mbio.

"Mama, njoo Jumamosi. Wageni watakuwepo, na wizara itakuwepo. Tukae mbele, tumwombe Mganga Mkuu mbele ya watu atupe mwezi mmoja. Mbele ya watu hawezi kukataa."

"Mimi nikakae kwenye kiti cha plastiki nimpigie makofi muuza matairi?"

"Ni saa mbili tu, mama."

"Wewe nenda. Mimi nina mapazia ya kufua."

Na kweli Jumamosi alifua mapazia. Aliyaanika, akayakung'uta, akayatazama yakikauka, na kila mara muziki wa uzinduzi ulipopepea mpaka kwake alicheka puani. Mumewe alimwangalia kwa juu ya miwani.

Jumatatu alikuta mlango wa stoo wazi na mafundi wawili wakipaka rangi ya samawati. Ndani hapakuwa na kitu. Ili wageni waonyeshwe "ofisi mpya," masanduku yalikuwa yametolewa tangu Jumamosi asubuhi. Daktari alikuwa ameketi mbele ya jukwaa akisubiri nafasi ya kusema, hakujua. Mtu pekee ambaye angejua ni yule ambaye kila siku alikaa hatua sita kutoka mlango ule, na siku hiyo alikuwa kwake na mapazia.

Yalikutwa nyuma ya jiko la hospitali, karibu na tanuri la taka, chini ya jua la siku mbili. Mengine yalikuwa yamefunguliwa na watu waliotaka bati. Mama Nta alipiga magoti kwenye majivu. Hakutukana, na wanaomfahamu wakaogopa zaidi. Daktari alivua visigino vyake akapiga magoti pembeni. Fundi Bomba akaja, akaja na mkewe, na watu wa barazani wakafuata, wakachambua lundo kwa vidole mmoja mmoja kama wanaochambua mchele. Nta nyingi zilikuwa zimelegea, nyingine zimeyeyuka na kushikana na namba hazisomeki. Fundi Bomba alikusanya mabomba mabovu ya hospitali, akayakata, akaunga rafu kuanzia sakafuni hadi darini ndani ya chumba cha Mama Nta, na kabla ya jua kuzama vibonge vilivyopona vikapangwa humo.

Kati ya watoto arobaini na mmoja, saba walikuwa wamepotea.

Mama Nta alifungua daftari. Kwenye mistari saba aliandika "imepotea." Akaangalia, akakata, akaandika "imetupwa." Kisha chini ya kila mmoja akaongeza: "Mtunzaji hakuwepo." Maisha yake yote alikuwa amewadharau watu kwa haki, na hakumjutia hata mmoja, lakini siku ile aliona kwamba dharau yake imewapa wajinga Jumamosi nzima ya kufanya walitakalo. Mwenyekiti alitupa vibonge kwa kutojua. Yeye alijua, na akaenda kufua mapazia.

Akaamua kuwaambia wazazi. Daktari alisema si lazima. "Ni lazima," alijibu. Kati ya familia saba alizipata nne. Baba mmoja alimfokea kwenye simu, naye akakaa kimya akafokewa, kitu ambacho hakuna aliye hai aliyewahi kukishuhudia. Muuza vocha alisema mradi mwanawe yupo, potelea mbali. Mama wa tatu, ambaye mtoto wake alifariki miaka tisa nyuma, alisema, "Basi hata hicho nacho kimekwenda." Akakata. Wa nne aliuliza kama anaweza kuja kusaidia kupanga waliobaki.

Ofisi ya Mfuko, yenye rangi ya samawati na kiti cha kuzunguka, ilifunguliwa mara moja tu, siku ya kukatwa utepe. Wiki tatu ikakaa imefungwa. Mvua zikaanza kupiga baraza. Mke wa Fundi Bomba, mwanamke ambaye mpaka hapo hakuna aliyemsikia akinena zaidi ya "ndiyo daktari," alimwendea Mama Nta.

"Mama, ule mlango wa jirani yako una funguo?"

"Ulikuwa stoo yangu. Funguo ya pili ninayo miaka ishirini na sita."

"Sisi tumelowa."

Mama Nta akaitoa funguo mfukoni, akaiweka juu ya meza, akageuka kutazama mashine yake. "Sijaona kitu," alisema.

Wazazi kumi na mmoja wakahamia na magodoro yao. Siku ya tano Mwenyekiti alifika na wageni wawili wa nje na mpiga picha, akafungua mlango, akakuta nepi zimeanikwa kwenye kiti cha kuzunguka na mtu anamnyonyesha mtoto chini ya picha ya Mwenyekiti mwenyewe. Alifungua kinywa, akaona kamera, akakifunga. Kisha, kwa sauti ile tamu, akawageukia wageni. "Hapa ndipo tunapowahifadhi wazazi wanaotoka mbali. Lilikuwa wazo langu tangu mwanzo."

Mama Nta, aliyekuwa amesimama koridoni na kikopo mkononi, alisikia kila neno. Ulimi ulimwasha kama pilipili. Alimwona mke wa Fundi Bomba akimtazama, akitikisa kichwa kidogo sana: usiseme. Akameza. "Hongera, mheshimiwa," alisema. "Wazo zuri. Sasa na vitanda, maana ulisahau." Wageni wakaandika. Vitanda vikaja baada ya mwezi, na vyumba viwili vingine mwaka uliofuata, vyote vikiwa na jina la Mwenyekiti mlangoni kwa herufi za shaba. Mama Nta kila akipita alizitazama kama unavyotazama alama ya viatu kwenye sakafu uliyotoka kuipiga deki.

Kazi ya Daktari ilichukua miaka minne. Mama Nta alikata upya vibonge vyote thelathini na vinne, vingine nta ikiwa imeharibika hata utepe mmoja ulimchukua asubuhi nzima. Wakakuta sita wa aina ile njema. Hospitali za nchi nyingine nazo zikaleta wao, wanne hapa, tisa pale, mpaka wakapatikana wa kutosha kusema jambo bila kubahatisha. Ikaandikwa kwamba mtoto wa aina ile, akikatwa uvimbe wote, anaweza kuachwa bila dawa kali. Mwaka wa kwanza hospitalini yaliokolewa masikio ya mtoto mmoja. Mmoja tu, kwa kuwa ugonjwa ni adimu. Mwenyekiti alitoa hotuba ya dakika arobaini.

Kidoti alipona. Sikio la kulia halisikii kabisa na la kushoto linachagua. Baba yake humwita kwa kupiga bomba na spana. Ana miaka saba na anajibu watu vibaya, na mama yake anasema anajua ametoa wapi tabia hiyo.

Mama Nta alistaafu, akakataa saa ya ukutani. Alhamisi hurudi, hukaa kwenye vile vyumba vya wazazi, na anayefika mgeni humweleza kipande cha mwanawe kitapelekwa wapi, kitafanywa nini, na kwa nini wanamwomba sahihi. Hapambi maneno. Juzi mama mmoja kijana, aliyeletwa asubuhi ile na mtoto mgongoni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile ambalo wote huuliza.

"Mama, atapona?"

"Sijui," alisema Mama Nta. "Na akija mtu hapa na puto akakwambia anajua, mtoe nje. Daktari anakuja saa nne. Andika maswali yako sasa, maana ukimwona utayasahau."

Yule mama hakuwa na karatasi. Mama Nta akafyonza, akatafuta kwenye pochi yake, akampa kalamu na bahasha ya zamani, akamshikia mtoto.